‘Imekataa’: Neno moja linaloficha hitilafu nne za mtandao wa nyumbani

JUMAMOSI mbili zilizopita nilikuwa na kompyuta mbili juu ya meza moja, baina yake pakiwa na nafasi ya kuweka kikombe cha chai tu, na sikuweza kupitisha faili hata moja kutoka hii hadi ile. Ya kwanza ni kompyuta yangu kuukuu ya mezani, yenye Windows 10. Humo ndimo nilimohifadhi rekodi za sauti nilizokusanya Vanga, Kaunti ya Kwale, kwa muda wa miaka tisa: mahojiano na wavuvi na mafundi wa vyombo, wasemaji wa Kivumba. Ya pili ni kipakatalishi cha mpwa wangu, chenye Windows 11, alichokuja nacho ili anisaidie kuziandika rekodi hizo neno kwa neno. Baadhi ya wazee wanaosikika humo wameshatangulia mbele ya haki. Nakala nyingine kamili haikuwapo, na aibu hiyo naibeba mwenyewe.

“Mjomba, imekataa,” mpwa wangu akasema.

Nikampigia simu fundi mmoja wa mjini. Nilipomwambia kwamba kompyuta zimekataa kupeana faili, hakuniuliza swali hata moja. “Kama imekataa imekataa tu, Mwalimu. Ilete tuifomati, tuweke Windows mpya.”

Kufomati, kwa msomaji ambaye hajawahi kufikwa na balaa hilo, ni kuitayarisha diski upya kana kwamba haijawahi kuandikwa kitu. Kwa maneno mengine, sauti za Vanga zingefutwa ili kutibu ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa jina. Sikuipeleka. Lakini nilibaki nikikitafakari kitenzi hicho kimoja, kilichotoka vinywani mwa watu watatu, mimi nikiwamo, na kisimweleze yeyote kati yetu kilichoharibika.

Katika Kiswahili cha mazungumzo humu nchini, kitenzi ‘kataa’ kimepanuka mno. Gari hukataa kuwaka, mfuniko hukataa kufunguka, simu hukataa kuchaji. Wenzetu wa Tanzania hupenda kusema ‘imegoma’, na wao pia huwapa vyuma hiari ya kibinadamu. Mimi si miongoni mwa wanaolalamikia upanuzi huu. Lugha yoyote hai hukopesha vitu tabia za watu. Tatizo la ‘imekataa’ ni jingine. Kukataa ni jibu. Haiwezekani mtu akukatalie ombi ambalo halijamfikia.

Chukua mfano wa mgeni anayebisha hodi. Ukimwona amesimama nje jua likimchoma, huwezi kusema moja kwa moja kwamba mwenyeji amemkataa. Pengine amefika mtaa mwingine kabisa. Pengine nyumba ni hiyo hiyo lakini mwenyeji amejifungia, anasikia hodi na hataki kuitika. Pengine ameitika na kuuliza “Nani?”, na jina alilopewa halijui. Au mgeni amekaribishwa vizuri hadi sebuleni, isipokuwa chumba anachotaka kuingia kimefungwa. Hali hizi ni nne, na ni mbili za mwisho tu ambamo pana mtu aliyesema hapana.

Kompyuta zinapotakiwa kupeana faili nyumbani, hitilafu nyingi huangukia mojawapo ya hali hizo nne, na kwa mpangilio huo huo. Windows yenyewe inajitahidi kuzitofautisha. Ukifungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, ukaandika net use na kufuatiza mishazari miwili, jina la kompyuta ya pili, mshazari mmoja na jina la folda, utapata jibu lenye namba. Namba 53 maana yake njia ya kufikia kompyuta hiyo haikupatikana. Namba 1326 maana yake jina au nywila si sahihi. Namba 5 maana yake umefika na umetambuliwa, lakini huna idhini. Anayeziita zote tatu ‘imekataa’ ni kama daktari anayeandika ‘mgonjwa anaumwa’ kisha akafunga faili.

Nikamwomba mpwa wangu ajaribu tena, na safari hii asikifunge kisanduku cha onyo kabla ya kukisoma. Akasoma: njia haikupatikana. Hamsini na tatu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kuna aliyekataa chochote.

Tulianza basi na swali la mtaa: je, mashine hizi mbili zipo kwenye mtandao mmoja? Hapa pana neno jingine linalotupoteza. ‘Mtandao’ limetokana na ‘tanda’, na tunalitumia kwa kila kitu, kuanzia ukoo wa wezi wa magari hadi intaneti. Katika nyumba nyingi ‘mtandao hakuna’ humaanisha kwamba intaneti imekatika, labda kwa kuwa kifurushi cha mwezi kimeisha. Lakini kompyuta mbili za chumba kimoja hazihitaji intaneti ili zionane. Ruta iliyo ukutani huziunganisha zenyewe kwa zenyewe hata pale ambapo waya unaotoka nje umekatwa. Huo nao ni mtandao, mdogo, wa humu ndani.

Sasa, asubuhi ya siku hiyo kifurushi changu kilikuwa kimeisha kweli. Mpwa wangu, alipoona ukurasa haufunguki, alitamka “mtandao hakuna” kisha akakihamisha kipakatalishi chake kwenye hotspoti ya simu. Hakuniambia, kwa kuwa machoni pake hakuwa amehama popote. Alikuwa ametafuta intaneti. Kumbe alikuwa ametoka nyumbani kwangu na kwenda kusimama nyumba ya pili, akibisha hodi huko.

Tuliligundua hilo kwa kulinganisha anwani. Amri ya ipconfig huonyesha namba ambayo kompyuta imepewa. Ya mezani ilikuwa 192.168.1.14, na ya kipakatalishi ikawa 192.168.43.57. Zote zinaanza kwa 192.168 kwa sababu namba hizo ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, na ndiyo maana mamilioni ya nyumba duniani zinazo bila kugongana. Kinachotazamwa ni sehemu ya tatu. Kwa ruta nyingi za nyumbani, sehemu tatu za kwanza zinafaa kufanana na ya nne pekee ndiyo itofautiane. Moja si arubaini na tatu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuendelea. Na ukiona namba inayoanza kwa 169.254, jua kwamba kompyuta iliomba anwani, ikasubiri, haikupewa, ikajitungia. Hapo kagua waya au waifai kabla ya lolote. Jambo la kuangalia pia ni ule mtandao wa pili ambao ruta nyingi huutoa kwa ajili ya wageni. Kwa kawaida umeundwa makusudi ili waliomo wapate intaneti wasiwaone wenyeji.

Mpwa wangu akarudi kwenye waifai ya nyumba. Namba zikafanana. Tukajaribu. Hamsini na tatu tena.

Hitilafu hii ya pili ndiyo iliyonichukulia muda mrefu zaidi, na mkosaji nilikuwa mimi. Windows huuliza kuhusu kila mtandao unaojiunga nao kama ni wa umma au wa faragha. Mwanzoni mwa hekaheka zile, kabla hata ya kumpigia fundi, nilikuwa nimefungua mipangilio ya kompyuta ya mezani na kuchagua ‘wa umma’. Nilifikiri hivi: nataka folda yangu ifikiwe na mtu mwingine, faragha ni kujificha, umma ni watu wote, basi nikiuweka kuwa wa umma nitakuwa nimefungua mlango. Nina shahada tatu za lugha na huo ndio ufafanuzi nilioutoa.

Mambo ni kinyume kabisa. Ukichagua ‘wa umma’, kompyuta inajificha. Haijitangazi kwa majirani, na ulinzi wake unauziba mlango wa kupitishia faili, ambao kwa Windows ni mlango namba 445. Ukichagua ‘wa faragha’ ndipo inapokubali kuonekana na wenzake. Siri imo katika nomino inayosifiwa. Mimi nilidhani nasifu kompyuta yangu, iwe ya umma au ya faragha. Kumbe kivumishi kile kinausifu mtandao, yaani mahali kompyuta ilipo. Swali linaloulizwa kwa hakika ni: hapa ulipo ni mkahawani, mbele ya watu usiowajua, au ni kwako? Ukijibu kwamba uko mbele za watu, mashine inajifunika kama mtu yeyote mwenye haya. Ukijibu kwamba uko kwako, inalegeza.

Windows Vista na Windows 7 ziliuliza kwa namna iliyo karibu zaidi na akili ya mtumiaji: nyumbani, kazini, au mahali pa umma. Baadaye maneno yakapunguzwa hadi mawili, na mahali pakapotea. Kiswahili kina uwezo wa kuparudisha bila shida, maana tuna kiambishi cha mahali kinachofanya kazi hii tangu jadi. ‘Uko nyumbani’ au ‘uko hadharani’ yangetosha. Yeyote anayetafsiri mipangilio ya mashine hizi siku za usoni na alizingatie hilo, kwani ‘faragha’ na ‘umma’, hata yakiwa tafsiri sahihi kamusini, yatamtuma msomaji kubonyeza kitufe kisicho chake.

Hapo pana jambo la kiufundi ambalo neno ‘imekataa’ hulifunika kwa namna ya pekee. Ule ulinzi wa Windows, ambao baadhi yetu huuita ukuta wa moto, kwa kawaida haumjibu anayebisha. Haumwambii hapana. Unanyamaza. Kipakatalishi kinasubiri sekunde kadhaa, hakisikii kitu, kinahitimisha kwamba njia haikupatikana. Ndiyo sababu namba ya kosa ilibaki ile ile 53 katika hitilafu ya kwanza na ya pili, ingawa ya kwanza mgeni alikuwa mtaa mwingine na ya pili alikuwa kibarazani. Kwa anayesubiri, nyumba isiyo na mtu na nyumba yenye mtu aliyenyamaza hazina tofauti. Ndiyo maana anwani hukaguliwa kwanza. (Na kuhusu ‘ukuta wa moto’, sipendezwi nalo. Katika ujenzi, ukuta unaosemwa ni ule unaozuia moto usivuke kutoka jengo moja hadi jingine. Kwa Kiswahili unasikika kama ukuta uliotengenezwa kwa moto, jambo linalotisha zaidi ila halifafanui chochote. ‘Ukuta kinga’ lingenitosha mimi.)

Nikabadilisha mpangilio kwenye kompyuta ya mezani, nikahakikisha pia kwamba upekee wa kupeana faili umewashwa kwa mtandao wa nyumbani. Sekunde chache, na kipakatalishi kikafungua kisanduku kipya.

“Imekataa tena!” mpwa wangu akapaza sauti.

Haikuwa imekataa, ilikuwa imeitika kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisanduku kilitaka jina na nywila. Mwenyeji alikuwa ameuliza “Nani?”

Mpwa wangu akaandika jina langu na zile tarakimu nne ninazotumia kila asubuhi kufungulia kompyuta. Namba 1326. Akaandika tena polepole. 1326.

Hapa tena lugha ilikuwa na mkono wake. Tangu M-Pesa ituzoeshe, chochote kinachofungua kitu tunakiita pini au nambari ya siri, kiwe cha simu, cha benki au cha kompyuta. Lakini katika Windows, pini na nywila ni vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Pini ni ya mashine ile ile ulipoiweka. Haisafiri. Inafanya kazi kwa aliyeketi mbele ya kompyuta hiyo tu, na imewekwa hivyo kusudi, ili atakayeiiba asiweze kuitumia kutoka mbali. Anayebisha kutoka kompyuta nyingine hutakiwa nywila ya akaunti yenyewe. Na mtu ambaye ametumia pini kwa miaka minne au mitano, kama mimi, aghalabu amekwisha kuisahau nywila yake. Mtego mwingine ni akaunti isiyo na nywila kabisa. Wengi huiacha wazi wakidhani wanarahisisha mambo, kumbe Windows kwa kawaida haimruhusu mwenye akaunti ya namna hiyo kuingia kupitia mtandao.

Ningeweza kuibadilisha nywila ya akaunti yangu kupitia intaneti, ila kifurushi nacho kilikuwa kimeisha. Nikafanya lililo jepesi. Kwenye kompyuta ya mezani nilifungua akaunti mpya ya humo humo ndani, isiyohitaji baruapepe, nikaiita ‘nakala’, nikaipa nywila ndefu na kuiandika kwenye karatasi. Mpwa wangu akaandika jina la kompyuta, mshazari, kisha jina la akaunti: MEZANI\nakala. Hilo jina la mbele si pambo. Bila hilo, kipakatalishi kinaweza kudhani unamtaja mtu wa kwake. Ni kama kusema ‘Juma wa Mzee Ali’ katika kijiji chenye akina Juma sita.

Nieleze pia ushauri ambao sikuufuata. Rafiki mmoja alinitumia ujumbe akinihimiza nizime kabisa takwa la nywila, na nikishindwa, niwashe toleo la kale la SMB, yaani ile itifaki ambayo kompyuta za Windows huitumia kupeana faili. Njia zote mbili huweza kufanya kazi, hasa pale ambapo kuna mashine kongwe, na ndiyo sababu zinapendekezwa kila kona. Lakini toleo la kwanza la SMB ndilo lililokuwa na ufa uliotumiwa na WannaCry mnamo Mei 2017, kirusi kilichozifungia faili kompyuta katika nchi nyingi na kuzivuruga hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka miezi miwili kabla yake. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Msimu wa vuli mwaka huo huo Windows 10 ikaanza kutolewa bila toleo hilo kuwekwa kiholela katika mashine mpya. Kompyuta yoyote yenye Windows 7 au ya baadaye inajua matoleo mapya zaidi, kwa hiyo hapana sababu ya kulifufua kwa ajili ya mashine mbili kama zangu. Ukikutana vilevile na maelekezo yanayokutaka uunde ‘kikundi cha nyumbani’, yaache. Huduma hiyo iliondolewa Windows 10 mwaka 2018, na mtu anaweza kuitafuta kutwa nzima.

Mlango ukafunguka. Folda iitwayo ‘rekodi’ ikaonekana kwenye kioo cha kipakatalishi, na mpwa wangu akaibonyeza mara mbili.

Namba 5. Huna idhini.

Hapo, msomaji, ndipo kwa mara ya kwanza neno ‘imekataa’ lilipokuwa sahihi, na kwa bahati mbaya hakuna aliyelisema. Sote tulikuwa tumenyamaza.

Nilichokuwa nimesahau ni kwamba folda inayotolewa kwa mtandao ina ruhusa za aina mbili. Kuna ruhusa ya mlangoni, inayosema ni nani anayeweza kuingia kupitia mtandao, na kuna ruhusa ya folda yenyewe ndani ya diski, inayomhusu kila mtu, hata aliyeketi mbele ya mashine. Mgeni hupimwa kwa zote mbili, na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mimi nilipitia mipangilio ya kina, nikaifungua ya mlangoni tu. Akaunti ‘nakala’ ilikuwa imezaliwa dakika ishirini kabla, na kwa ile folda iliyoko ndani ya nyaraka zangu binafsi ilikuwa mtu asiyejulikana. Ukipitia njia fupi, ile ya kubonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua mtu wa kumpa fursa, Windows hurekebisha zote mbili kwa pamoja. Kwa mtu wa nyumbani, hiyo ndiyo bora.

Tungeligundua mapema lau tungekuwa tunaelewana. Nilikuwa nimemuuliza mpwa wangu, “Umeshiriki folda?” Naye akajibu, “Ndio.” Nilimaanisha kama ameipa akaunti mpya ruhusa, maana kwa wakati huo ndiye aliyekuwa ameketi kwenye kompyuta ya mezani. Yeye alielewa kama ameifungua akiwa upande wa pili. Wote wawili tulikuwa na haki, kwa kuwa neno lenyewe limepindwa. Katika Kiswahili, kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: unashiriki mbio, unashiriki mazishi, unashiriki kikao. Anayeshiriki folda, kwa hiyo, ni mgeni anayeingia kuitumia. Mwenyeji yeye hashiriki, hushirikisha. Lile tamshi moja la ‘-sha’ ndilo linalotenganisha mwenye nyumba na mgeni. Vitufe vya simu zetu vinavyomwambia mwenye picha ‘Shiriki’ vinamtaka afanye kazi ya anayeipokea. Kwenye picha ya harusi hilo halina madhara. Kwa watu wawili wanaotafuta hitilafu wakiwa kwenye mashine mbili, linagharimu nusu saa.

Wako wanaopendekeza ‘gawana’, lakini kinachogawanywa hupungua, na faili haipungui. Wako pia wanaopenda ‘sambaza’, neno ambalo Wakenya wamelizoea kwa kutumiana salio. Kusambaza kunafaa pale ambapo kitu kinatoka kwako na kwenda kwa wengi. Folda ya mtandaoni haiendi popote. Hukaa pale pale na watu wakaijia.

Hata hivyo neno hilo linanikumbusha kisa ambacho mpenzi yeyote wa kamusi atakifurahia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell, aliyekuwa mwanafunzi nchini Australia, aliandika programu ya kuziwezesha kompyuta zisizotumia Windows kupeana faili kwa itifaki hiyo hiyo ya SMB. Jina alilokuwa akilitumia likawa na mwenyewe, ikambidi atafute jingine. Akaiamuru kompyuta imtafutie katika orodha yake ya maneno yale yenye herufi s, m na b kwa mfuatano huo. Miongoni mwa yaliyotoka ni ‘samba’, na Samba ndilo jina la programu hiyo hadi leo. Sijizuii kuwaza angepata nini katika kamusi yetu. Angempata ‘simba’, bila shaka. Angepata ‘sambaa’ na ‘sambaza’. Angepata ‘somba’, yaani kuchukua shehena kidogo kidogo kutoka mahali hadi mahali mpaka iishe, neno linaloeleza kazi ya programu yake kuliko ngoma ya Wabrazili. Na angepata ‘sumbua’, ambalo kwa siku ile ndilo ningempendekezea mimi.

Niliipa akaunti ‘nakala’ ruhusa ya kusoma pekee. Mpwa wangu alinitazama kana kwamba simwamini, nikamweleza kuwa si yeye ninayemwogopa. Rekodi asilia hazifai kufunguliwa na mkono wowote wenye uwezo wa kuzifuta, na mkono wangu nauhesabu wa kwanza. Yeye achukue nakala, afanye kazi kwenye nakala.

Tukaanza kusomba. Rekodi zote zilikuwa kama gigabaiti 38, na kwa waifai yangu, inayopitisha takriban megabaiti 10 kwa sekunde siku ikiwa njema, tulihesabu zaidi ya saa moja. Tulinunua diski ya nje Jumatatu yake, ili ziwe mahali pa tatu pia. Siku ile tulinywa chai tukiutazama mstari wa kijani ukijaa, na ulipofika mwisho, faili tatu zilikuwa zimebaki nyuma.

“Hizi sasa ndizo zimekataa,” mpwa wangu akasema, kisha akajisahihisha na kunisomea onyo lote. Majina yalikuwa marefu kupita kiasi. Windows, katika mipangilio yake ya kawaida, huikomesha anwani nzima ya faili, pamoja na majina ya folda zote inamopita, kwenye herufi 260 hivi. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuandika katika jina la faili tarehe, mahali, jina la mzee, umri wake, chombo tulichokizungumzia na hali ya bahari siku ile.

Tukaketi kuyafupisha. Anataka tuondoe hali ya bahari. Bado hatujakubaliana.